Msiitie Pemba Chui

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimefurahi kwamba mnaandika. Zamani mtu akitoka Pemba kwenda Unguja, Mombasa, Maskati au Uingereza, kilichorudi nyumbani kilikuwa barua ya salamu, na akijaaliwa, noti mbili ndani ya bahasha. Nyinyi mnarudisha vitabu. Mnaandika utoto wenu: msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi, karafuu zilizoanikwa majamvini, popo wanaotoka mitini kwa makundi jua likishazama. Wengine mmeniletea miswada niisome, kwa kuwa nimefundisha skuli hapa kisiwani na baadhi ya wazazi wenu nimewasomesha mimi. Nimeisoma kwa furaha. Lakini ndani yake kuna jambo linalonikosesha raha, na umri wangu hauniruhusu kulingojea mpaka tukutane harusini au matangani.

Kijana mmoja anasimulia kwamba alipokuwa na miaka saba alipotea Ngezi. Usiku ukamkuta chini ya mvule. Chui akaja, akalala hatua chache kutoka pale alipojikunyata, wakatazamana mpaka adhana ya alfajiri iliposikika kwa mbali. Katika muswada wote hakuna ukurasa ulioandikwa kwa ufundi kuliko huo.

Pemba haina chui. Chui alikuwa Unguja, na sababu yake ni bahari. Enzi za barafu, maji yalipokuwa yamepungua, Unguja ilikuwa imeungana na bara na wanyama walifika huko kwa miguu. Bahari ilipopanda, miaka kama elfu kumi iliyopita, wakabaki wamezungukwa na maji. Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaotutenga na bara una kina cha mamia ya mita. Maji yalipopungua kwingine, huu haukukauka, na kisiwa chetu kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno. Ndiyo maana tunao wanyama wadogo, paa na tumbili na komba, na tunao walioweza kuruka: yule popo mkubwa wa Pemba, na aina nne za ndege wasiopatikana pengine popote duniani, akiwamo bundi wetu mdogo na ninga wa kijani. Maumbile ya Pemba yanatosha kumshangaza mtu bila ya kuazima mnyama wa Unguja.

Nilimwita kijana nikamwuliza kwa upole. Akanijibu kwamba ndivyo anavyokumbuka. Tulipozungumza zaidi akasema babu yake mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja, na usiku akiwahadithia habari za chui wa huko, ambao watu waliamini kwamba wachawi huwafuga na kuwatuma. Basi nikaelewa. Mtoto alihadithiwa chui wa Unguja akiwa amelala jamvini Konde, na miaka ilivyopita chui akahama kisiwa. Sidhani kijana alikusudia kusema uongo. Lakini tazameni alichokipoteza. Chui wa Unguja aliwindwa sana baada ya Mapinduzi ya 1964, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu waliona ametoweka. Babu aliyekaa gizani akimsimulia mjukuu habari za mnyama ambaye huenda leo hayupo, huyo ndiye kitabu. Kijana alikuwa na hidaya ya kweli mkononi, akaiweka kando, akatuletea ya kubuni.

Mwandishi mwingine, mtu mzima kidogo, anaeleza jinsi alivyokuwa akiwatazama kima punju wakirukaruka Ngezi alipokuwa mtoto wa chuo, kabla ya Mapinduzi. Kima punju ni wa Unguja. Ngezi waliletwa wachache miaka ya 1970, ili wapate makao ya pili. Nani atakayelijua hilo? Kila anayeujua msitu. Na akishalijua, utamtaka auamini vipi ukurasa wa mbele yake, ule unaoeleza jinsi mama yako alivyofariki kwa uzazi?

Najua mtaniambia: Bibi, hii ni sanaa. Sanaa naiheshimu, nimeisomesha. Lakini bibi zetu, ambao hawakusoma skuli, walikuwa na adabu ambayo naona mnaiacha. Walipotaka kutuhadithia ya sungura na fisi walianza kwa kutaka idhini. Paukwa! Sisi tukaitikia, Pakawa! Kuanzia hapo fisi alinena, mti ulitembea, mfalme aliolewa na samaki, na hakuna mtoto aliyedanganywa, kwa sababu sote tuliingia mlangoni kwa pamoja na tukijua tunakoingia. Bibi huyo huyo, asubuhi, akitoa habari ya nani kafa Wete na mvua imenyesha wapi, hakusema paukwa. Na ole wake aliyetia chumvi katika habari ya msiba.

Kitabu kinachoitwa maisha yangu hakina paukwa. Msomaji anakifungua kama anayepokea habari. Ukitaka chui, andika riwaya. Riwaya ni kazi ya heshima, na ndani yake kesha na chui hata miezi. Pujini tuna ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zama za karne ya 15. Wazee wanasimulia kwamba aliwabebesha watu mawe ya ujenzi huku wakijiburura kwa makalio, na kwamba kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua pale, wakapata ya kwao: kuta, vigae, handaki. Masimulizi yakabaki na utamu wake na uchimbaji ukabaki na uzito wake, kwa kuwa kila msimulizi huanza na “wazee wanasema”. Maneno mawili tu, na kila kitu kimekaa mahali pake.

Sasa niwaambie ya wenzetu wa Afrika Mashariki, maana jambo hili halikuanza kwenu.

Mwaka 1942 mjini Boston kilitoka kitabu cha Beryl Markham, rubani aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza mpaka pwani ya Kanada. Kinaitwa West with the Night. Sehemu yake nzuri kuliko zote ni utoto wake Njoro, Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na akifunza farasi wa mashindano. Binti anawinda nguruwe mwitu kwa mkuki pamoja na vijana wa Kiafrika. Simba aliyefugwa na jirani anamrukia. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, anakua na kuitwa arap Ruta na kufanya kazi naye. Kitabu kilisahauliwa miaka arubaini, kisha barua moja ya Ernest Hemingway iliyokisifu ikawashtua watu, kikachapwa upya mwaka 1983 na kuuzwa sana. Mwandishi alifariki Nairobi mwaka 1986. Kisha kesi ikaanza. Mary Lovell, aliyeandika maisha yake mwaka 1987, alishikilia kwamba kitabu ni cha Markham. Mwaka 1993 Errol Trzebinski akaandika kwamba mwenye kalamu alikuwa Raoul Schumacher, mume wake wa tatu, aliyekuwa mwandishi kwa kazi. Mpaka leo kuna wa upande huu na wa upande ule.

Mimi siwaletei kesi hiyo muihukumu. Linalonihusu ni lile ambalo pande zote mbili zinakubaliana. Mama yake Markham alirudi Uingereza na mtoto wake wa kiume, akamwacha binti Afrika akiwa mdogo sana. Jeraha kubwa kuliko hilo mtoto hapati. Kitabuni mama huyo karibu hayupo. Waume hawamo. Simba yumo, kwa kila unywele. Na Kibii? Watoto wawili walicheza pamoja Njoro ile, nasi tunaijua kwa maneno ya mmoja tu. Huenda naye alikuwa na la kusema juu ya uwindaji ule, juu ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumishi, juu ya ardhi yenyewe ilivyopatikana. Aliyekuwa na kalamu akasema, na msomaji aliye Boston hakuwa na wa kumwuliza.

Elspeth Huxley yeye alifika Thika mwaka 1913 akiwa na miaka sita, na kitabu chake The Flame Trees of Thika kikatoka 1959. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, kitabuni ni Robin na Tilly. Mazungumzo ya watu wazima mezani yameandikwa neno kwa neno. Hesabuni wenyewe: miaka 46 imepita tangu mtoto wa miaka sita aliposikia. Alikuwa mwandishi hodari na alijua anachokifanya, lakini kitabu kikauzwa kama kumbukumbu, kikatengenezewa mfululizo wa televisheni mwaka 1981, na leo wako watu ambao Thika yao ndiyo hiyo, hawaijui nyingine.

La simba wa Tsavo ndilo nalitaka mlifikirie zaidi. Mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli, na mhandisi John Patterson akawaua wote wawili mwezi Desemba. Katika kitabu chake cha 1907 alitaja Wahindi 28 waliouawa, na Waafrika wengi ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, idadi yao haikuandikwa popote. Miaka ya 1920, ngozi za simba zilipokwishauzwa kwa makumbusho ya Field huko Chicago, alitoa kijitabu kingine: sasa waliokuwa wameliwa walikuwa 135. Simba hawakuwa wameua mtu mwingine tangu wapigwe risasi. Hadithi ndiyo iliyokua. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na manyoya ya simba hao hao, ambayo huhifadhi alama ya chakula alichokula mnyama, wakakadiria watu kama 35, wakakiri kwamba huenda walizidi. Wahindi walihesabiwa kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye daftari la mishahara. Waafrika, ambao nchi ilikuwa yao, waligeuka namba ya kukuzia simulizi. Mtu akitia chumvi katika habari ya mahali penu, wanaofutika ni watu wenu.

Nje ya Afrika nawatajia mmoja tu, kwa huruma. Opal Whiteley alikulia Oregon, Marekani, katika kambi za wakata mbao. Mwaka 1920 jarida la Atlantic Monthly lilichapa shajara yake, iliyosemekana aliiandika akiwa na miaka sita au saba, ikachanwachanwa, naye akaiunganisha vipande kwa vipande alipokuwa mkubwa. Ndani yake mtoto anazungumza na miti, na mbwa na nguruwe na kunguru wake wana majina ya wakubwa wa historia. Watu waliipenda sana. Kisha wakauliza mtoto wa kambi ya mbao aliyapata wapi majina hayo. Naye akazidi: akawakana wazazi waliomlea, akadai baba yake ni mwanamfalme wa Kifaransa. Alimalizia umri wake hospitalini Uingereza, akafariki 1992. Wasomaji waliotaka mtoto wa ajabu walishapata burudani yao na kuendelea na mambo yao. Yeye akabaki peke yake.

Haya yote yanatokea mahali pa mbali, na umbali ndio unaompa mtu ujasiri. Ukiandika uongo juu ya mtaa wa London, kesho utaandikiwa barua kumi. Ukiandika uongo juu ya Micheweni kwa wasomaji wa London, nani atakuandikia? Pemba imesemwa sana na watu wa aina hiyo. Evelyn Waugh, mwandishi Mwingereza, katika kitabu chake cha safari cha 1931 aliieleza Pemba kuwa makao ya elimu ya uchawi, ati wanafunzi huja kutoka mbali mno, kwa jinsi alivyoambiwa na watu. Tangu hapo kila anayekuja na kalamu anataka mchawi wake. Na sasa nasikia baadhi yenu mnaambiwa na wahariri wa ng'ambo: ongeza uganga kidogo, ongeza njaa kidogo, msitu uwe mweusi zaidi. Mkatalieni. Mwambieni mhariri kwamba skuli ilikuwepo, redio ilikuwepo, gari la shamba lilipita barabarani, na mtoto aliyeogopa mzimu wa Ngezi alikuwa pia na mtihani wa hesabu Jumatatu. Huo ndio utoto wa Pemba. Ukiuondoa mtihani ukabakisha mzimu, umeandika ya Waugh kwa jina lako.

Msidhani habari isiyo na mwenyewe haina madhara. Mapema mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, habari ya popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilianza hapa Pemba. Watu wazima walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mtu. Mwenye kusema “ni mimi, na nilikuwa mahali fulani” hakuwa rahisi kumpata. Habari ikavuka mpaka Unguja, na huko mtu asiye na akili timamu akauawa na umati uliodhani ndiye. Hakukuwa na kitabu katika hilo, maneno matupu yalitosha. Kitabu kinadumu kuliko maneno.

Kuna na uongo mwingine, wa kunyamaza. Huu ndio umejaa zaidi katika miswada yenu, na hauonekani kwa haraka kwa sababu kila sentensi yake ni kweli.

Mmoja wenu ameandika kurasa nyingi juu ya kivuli cha mikarafuu. Nimezipenda. Usiku wa kuchambua ameuandika kama ulivyo: taa ya chemli, akina mama wamekaa jamvini, karafuu zinaachanishwa na makonyo yake kwa kiganja, vidole vinanuka mpaka asubuhi, pishi zinapimwa, na mvua ikitisha kila mtu anakimbilia uwanjani kukunja majamvi. Lakini mikarafuu ile ilipandwa na nani? Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na baada yake Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Waliopanda na kupalilia wengi wao walikuwa watumwa, na amri ya kuondoa hadhi ya utumwa ilikuja 1897. Wajukuu wao tunaishi nao, tunaoana nao, wengine ni sisi. Haimpasi mtoto wa miaka minane kuyajua hayo. Anayeandika sasa ni mtu mzima, na sentensi moja ingetosha.

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika utoto wake akiwa Ujerumani, kitabu kikatoka 1886. Ua wa Mtoni umo, na tausi na paa na mbuni wake. Katika suala la utumwa alisema mambo ambayo leo hakuna mwenye akili atakayeyakubali, aliutetea. Lakini aliyasema. Hakuuficha ua ukabaki na tausi peke yao. Kwa hiyo miaka zaidi ya mia baadaye tunaweza kumsoma, tukambishia, tukajifunza kutoka kwake. Aliyenyamaza hata kumbishia huwezi.

Na mwaka 2001. Mmoja wenu alizaliwa upande wa Micheweni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kitabu chake kinakwenda msimu kwa msimu, kaskazi na kusi, dema na mshipi, mpaka anapofika skuli ya sekondari. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi Pemba katika maandamano ya kisiasa, na zaidi ya watu elfu mbili walivuka kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya. Mtoto wa miaka minane wa Micheweni aliuona mwezi ule. Labda alimwona baba akifunga mzigo usiku. Labda alikuwa ndani ya chombo. Katika muswada, mwaka huo una sura juu ya kasa anayetaga mayai. Mwanangu, sura ya kasa ni nzuri, iache. Lakini kasa alitaga ufukwe gani, na usiku ule chombo kiliondoka ufukwe gani? Bahari unayoipenda ndiyo iliyowapokea. Liandike, hata kwa aya moja, hata ukisema tu kwamba huwezi kuliandika zaidi.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, msije mkanielewa vibaya. Sisi ni watu wa sitara. Baba aliyevusha karafuu za magendo kwenda Mombasa usiku ili mpate sare za skuli, dada aliyepata mimba kabla ya ndoa, ami aliyerudi kutoka bara akiwa si yule aliyeondoka: haya ni ya watu, na wengine wako hai, na haki yao ya kusitiriwa ni kubwa kuliko hamu yako ya sura nzuri. Yaache. Ukiona lazima uyaseme, badilisha jina, na mwanzoni mwa kitabu sema umebadilisha majina. Kuacha jambo si uongo. Uongo ni kuziba pengo kwa kitu kingine ili msomaji asijue kwamba pengo lipo. Na lililowafika watu wote mchana hadharani haliwi siri ya familia.

Mtaniuliza: basi tuandikeje, na kumbukumbu yenyewe haiaminiki? Mlifundishwa chuoni. Hadithi ya Mtume haipokewi hivi hivi. Huulizwa nani kaipokea kwa nani, walikutana wapi, na mpokezi alikuwa mtu wa namna gani katika ukweli wake. Wanazuoni walisafiri miji na miji kwa ajili ya sanad moja, yaani mlolongo mmoja wa wapokezi. Sisemi utoto wako upewe daraja hiyo, hasha. Nasema adabu hiyo tumelelewa nayo, na inafaa kwa kalamu. Sema: niliona. Sema: nilihadithiwa na shangazi, naye alikuwepo. Sema: sote nyumbani tunasema hivi, na hakuna aliyekuwepo. Sema: harufu nina hakika nayo, mwaka sina hakika nao.

Mnaogopa itaharibu uzuri. Haiharibu. Mwandishi wa chui angeandika kwamba yeye anakumbuka macho ya chui gizani, na Pemba haina chui, na babu alitoka Unguja. Pale pale msomaji angemwona mtoto, na babu, na usiku, na visiwa viwili, kwa mara moja. Ukurasa huo ungekuwa bora kuliko alioandika, na hakuna mtu angeupinga.

Fanyeni na kazi ya miguu. Kabla ya kuandika juu ya Ngezi, tembeeni Ngezi na walinzi wa msitu, wawaambie ni mti gani na ndege gani. Kabla ya kuandika juu ya popo, nendeni Kidike wanakolala. Mtasikia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia popo hao wako karibu kwisha, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti mikubwa, na kwamba wanavijiji wenyewe walishiriki kuwalinda mpaka wakarudi kuwa maelfu. Mmoja wenu ameandika kwamba katika utoto wake wa miaka hiyo popo walifunika anga ya kisiwa kizima. Inawezekana aliishi karibu na mti wao. Basi aseme alikuwa karibu na mti wao. Siku moja mtu atakuja kutafuta habari za popo wa Pemba wa miaka ile, na kwa kuwa tumeandika kidogo sana sisi wenyewe, atakachokipata kitakuwa kitabu chako.

Hilo ndilo linalonipa hofu na matumaini pamoja. Nchi zenye vitabu vingi, kimoja kikidanganya vingine vitakisahihisha. Pemba haijafika huko. Kwa vijiji vingi vya kisiwa hiki, utoto wenu utakuwa ndiyo maandishi ya kwanza, na kwa vingine huenda yakawa ya pekee kwa muda mrefu.

Waulizeni ndugu zenu. Kaa na dada yako, umsomee sura, umwache akubishie. Akisema mbuzi alikuwa mweupe nawe ulisema mweusi, andika wote wawili. Waulizeni wazee sasa, si mwakani. Waliokuwa watoto wa kuokota karafuu chini ya miti kabla ya 1964 sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi, na kila Ijumaa tunasikia mmoja katangazwa msikitini.

Na ombi langu la mwisho ni hili. Aliyeandika juu ya Micheweni, kabla ya muswada kwenda kwa mchapishaji, aupeleke Micheweni. Usomwe kwa sauti barazani baada ya Alasiri, kwa Kiswahili, mbele ya watu waliomo ndani yake, na wapewe nafasi ya kusema “hapana, haikuwa hivyo”. Wa Konde afanye hivyo Konde, wa Kengeja afanye Kengeja. Aliye mbali amtumie ndugu yake amsomee. Miswada mliyoniletea iko kwangu salama, nimeandika pembeni kwa penseli. Njooni muichukue, tukaisome.